Mwongozo kamili: namna ya kudai njia salama ya baiskeli katika mtaa wako Dar es Salaam

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wakazi wa Dar es Salaam ambao wameshaandika barua ya kuomba njia ya baiskeli, wakasubiri, na hawakupata kitu. Nimekaa na vikundi kadhaa vya namna hiyo, na karibu kila mara nakuta makosa yale yale matatu: barua ilipelekwa katika ofisi isiyosimamia barabara inayolalamikiwa, ombi lilikuwa pana kiasi kwamba hakuna mhandisi ambaye angeweza kulitekeleza, na barua yenyewe ilifika bajeti ikiwa imeshapitishwa. Kikundi chetu kilifanya makosa yote matatu katika mwaka wake wa kwanza.

Shabaha ya hatua zinazofuata ni moja: kuomba kitu kidogo, mahali panapojulikana, kwa mwenye mamlaka nacho, kabla fedha hazijagawanywa, mkiwa na hesabu mliyoihesabu wenyewe. Kazi hii huchukua takriban mwaka mzima, na anayetafuta matokeo ya wiki mbili atakata tamaa mapema.

## Mnachohitaji kabla ya kuanza

Watu watano hadi wanane. Kati yao awepo angalau mmoja anayeendesha baiskeli kila siku kwa ajili ya riziki, kama vile muuza madafu, mgawa mikate au mlinzi anayerudi zamu, awepo mwanamke, awepo mwenye biashara kando ya barabara husika, na awepo mtu aliyezoea kuandika barua za kiserikali. Mkubaliane tangu siku ya kwanza kwamba hakuna posho.

Kaunta buku moja, ambalo halichanwi kurasa. Kila hesabu, kila kikao na kila safari ya ofisini itaandikwa humo.

Futi kamba ya mita 30 au 50. Fundi ujenzi wa mtaani anaweza kuwaazima kwa siku moja.

Simu yenye kamera na saa ya kuhesabu sekunde, chaki, na vizibao vya rifleketa kwa wale watakaosimama kando ya barabara.

Faili la kadibodi la kutunzia nakala zilizogongwa muhuri. Fedha zitakazohitajika ni za kutoa nakala na nauli, basi.

## Hatua ya 1: Chagueni kipande kimoja kisichozidi kilomita moja

Msianze na jiji zima wala na kata nzima. Chagueni kipande kimoja ambacho watu wanakipita kwa baiskeli hivi sasa licha ya hatari yake: kutoka shuleni hadi makutano, kutoka sokoni hadi kituo cha mwendokasi, au kutoka darajani hadi barabara kuu. Mhandisi anaweza kukagua mita 800 kwa alasiri moja na kuzikadiria gharama, lakini hakuna mhandisi anayeweza kukadiria gharama ya "kuboresha usafiri wa baiskeli".

Kipiteni kipande hicho kwa baiskeli na kwa miguu, asubuhi na jioni, na ikiwezekana mara moja mvua ikinyesha. Kipande tulichokichagua sisi kilionekana hakina tatizo mchana. Tulipokipita saa 12 na nusu asubuhi nyuma ya muuza madafu, tuliona jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelitaja kikaoni. Baiskeli yake ilikuwa imefungwa madafu pande zote mbili hadi upana wake ukakaribia mita moja, na kila alipofika penye mfuniko wa mtaro alishuka, akaikokota baiskeli kuingia barabarani ili auzunguke mfuniko, kisha akapanda tena, huku daladala zikimpita karibu na kiwiko. Tulichuchumaa kuutazama mfuniko wenyewe. Nondo zake zilikuwa zimelazwa kufuata mwelekeo wa safari, na nafasi kati ya nondo na nondo ilitosha gurudumu kuzama. Kuzigeuza nondo hizo zikatishe njia badala ya kuifuata ni kazi ndogo kwa fundi wa kuchomea vyuma, lakini hakuna barua yoyote iliyokuwa imewahi kuiomba.

Tahadhari: msichague barabara kwa sababu ni pana au kwa sababu inaonekana na watu wengi. Chagueni penye waendesha baiskeli.

Mmefaulu iwapo mnaweza kukitaja kipande chenu kwa sentensi moja yenye mwanzo, mwisho na urefu wa mita.

## Hatua ya 2: Mjueni mwenye barabara

Hapa ndipo barua nyingi hupotelea. Barabara kuu na barabara za mkoa husimamiwa na TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, chini ya Meneja wa Mkoa. Barabara za wilaya, ambazo ndizo nyingi za mitaani zikiwemo za vumbi, husimamiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza kazi mwaka 2017, chini ya Meneja wa Wilaya. Huduma ya mabasi yaendayo haraka na vituo vyake ina wakala wake, DART. Halmashauri inabaki na mipango miji, usafi, masoko na sheria ndogo, kwa hiyo ina sauti juu ya vibanda vilivyoota kwenye njia, lakini lami yenyewe si yake.

Muulizeni Mtendaji wa Mtaa au wa Kata kipande chenu kiko chini ya nani, kisha mthibitishe jibu hilo katika ofisi mliyotajiwa. Barua yetu ya kwanza ilikaa katika masijala ya ofisi moja kwa miezi minne, na tulipoifuatilia tuliambiwa kwa upole kwamba barabara ile haikuwa yao. Hakukuwa na uonevu wowote. Sisi ndio hatukuuliza.

Ulizeni pia upana wa hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, lakini barabara za mitaani zina vipimo vyake, na mkiomba njia ipite kwenye kiwanja cha mtu mtakuwa mmefungua mgogoro wa ardhi badala ya njia ya baiskeli.

Mmefaulu iwapo mmeandika kwenye kaunta buku jina la ofisi, cheo cha anayehusika na upana wa hifadhi ya kipande chenu.

## Hatua ya 3: Hesabuni wanaopita

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, nami naiona ndiyo yenye uzito kuliko zote. Jibu la kwanza mtakalopewa ofisini litakuwa kwamba "watu hawaendeshi baiskeli hapa mjini", na mtu asiye na hesabu hana la kujibu. Anayeamka saa 3 akaendesha gari hadi ofisini hawaoni wauza mikate waliopita alfajiri. Kwa hiyo hesabu yenu inamwonyesha jambo ambalo kwa kweli hajawahi kuliona.

Hesabuni siku tatu: mbili za kazi, kati ya Jumanne na Alhamisi, na Jumamosi moja. Kila siku hesabuni saa 12 hadi saa 2 asubuhi, na saa 11 hadi saa 1 jioni. Epukeni sikukuu, likizo za shule na siku ya mvua kubwa. Watu wawili wasimame mahali pamoja, kila mmoja akihesabu mwelekeo mmoja, na wabadilishwe kila baada ya saa moja kwa sababu macho huchoka.

Gawanyeni ukurasa kwa safu hizi: baiskeli, guta, mkokoteni, waenda kwa miguu, bodaboda, bajaji, daladala na magari mengine. Kila dakika 15 anzeni mstari mpya. Katika safu ya baiskeli, tenganisheni wanaume, wanawake na wanafunzi waliovaa sare. Idadi ndogo ya wanawake isiwavunje moyo wala msiifiche. Iandikeni, kisha waulizeni wanawake kumi wa mtaa kwa nini hawaendeshi, na majibu yao yaambatane na hesabu. Wengi huogopa magari kabla ya kuogopa kitu kingine chochote, na jibu hilo ni hoja yenu.

Ongezeni safu moja ambayo wengi huisahau: mwendeshaji alipita wapi? Kwenye lami, kwenye bega la barabara, kwenye njia ya waenda kwa miguu, au upande usio wake? Mkiona wengi wanapita upande usio wao, mara nyingi maana yake ni kwamba hawana pa kuvukia, na huenda mnachohitaji ni kivuko.

Pimeni na mwendo wa magari. Chora mstari wa chaki kando ya barabara, pima mita 50, chora mstari wa pili. Gari linalovuka mita hizo 50 kwa sekunde 6 linakwenda kilomita 30 kwa saa. Linalotumia sekunde 3.6 linakwenda kilomita 50 kwa saa, ambacho ndicho kikomo katika maeneo ya makazi. Na linalotumia chini ya hapo limevunja sheria. Pimeni magari 50 bila kuchagua. Nguvu ya mgongano huongezeka kwa mraba wa mwendo, hivyo gari la kilomita 50 kwa saa humgonga mtu kwa nguvu inayokaribia mara tatu ya lile la kilomita 30. Sentensi hiyo, ikiwekwa chini ya jedwali lenu, hueleweka na diwani na mhandisi kwa pamoja.

Tahadhari: mpeni taarifa Mtendaji wa Mtaa siku moja kabla, kwa kuwa watu wenye daftari kando ya barabara huzua maswali. Msiandike namba za magari. Msipige picha za nyuso, hasa za watoto. Na msikadirie: mkihesabu baiskeli 140, andikeni 140, msiandike "mamia ya baiskeli". Ofisi ikigundua namba moja ya kubuni, zote zitatupwa.

Mmefaulu iwapo mtu ambaye hakuwepo anaweza kuusoma ukurasa wenu na kurudia hesabu hiyo hiyo mahali hapo hapo.

## Hatua ya 4: Andikeni madai matatu, kuanzia la bei nafuu

Msipeleke ombi moja kubwa ambalo jibu lake ni ndiyo au hapana. Pelekeni matatu yaliyopangwa, ili hata ofisi isiyo na fedha iwe na la kufanya.

Dai la kwanza liwe lile linaloweza kuingia katika matengenezo ya kawaida ya barabara: kugeuza nondo za mifuniko, kuziba mashimo ya pembeni, kuondoa kifusi kilichoachwa njiani, kuchora upya kivuko, kuweka alama ya mwendo.

Dai la pili liwe la ujenzi mdogo: tuta bapa la kuvukia mbele ya shule, nguzo fupi za kuzuia magari yasiegeshwe kwenye njia, na mteremko mahali ambapo njia inakatika kwa ngazi ya zege.

Dai la tatu liwe njia yenyewe iliyotenganishwa na magari. Hapa lazima mtaje vipimo. Njia ya mwelekeo mmoja iwe na mita 2, ili mwendeshaji mmoja aweze kumpita mwenzake, na isipungue mita 1.5 hata penye ufinyu. Kabla ya kuandika, pimeni guta la jirani na baiskeli iliyofungwa mzigo wa kuuza. Njia isiyoweza kupitisha guta itawarudisha wachuuzi barabarani siku ya kwanza. Ombeni kingo za zege zenye mapengo ya kupitishia maji, kwa sababu ukingo usio na mapengo hugeuza njia kuwa mtaro wakati wa masika.

Msiridhike na rangi peke yake. Mstari mweupe haumzuii dereva wa daladala anayetaka kushusha abiria. Vilevile semeni ukweli kuhusu nguzo: zinazuia magari, lakini mahali panapopita baiskeli hupita pia bodaboda, na hilo litahitaji makubaliano na watu, kama hatua inayofuata inavyoeleza.

Mmefaulu iwapo kila dai lina mahali, kipimo na sababu inayotoka katika hesabu yenu.

## Hatua ya 5: Zungumzeni na watakaoguswa kabla ya kuzungumza na serikali

Barabara ya Morogoro ilipata njia za pembeni pamoja na mradi wa mwendokasi, ambao ulianza kutoa huduma mwaka 2016. Anayeipita leo anajua kwamba katika sehemu kadhaa njia hizo zimekuwa maegesho ya bodaboda na meza za biashara. Zege lilimwagwa vizuri. Kilichokosekana ni makubaliano na watu waliokuwa wakiishi kwa nafasi ile.

Kwa hiyo nendeni kwenye kijiwe cha bodaboda, mkamwone mwenyekiti wa kijiwe kwanza na si kijana mmoja mmoja. Nendeni kwa mama lishe na kwa machinga wenye meza. Msiende na hotuba. Nendeni na futi kamba, mpime pamoja nao nafasi iliyopo, na muwaulize wangesogea wapi iwapo njia ingejengwa. Mara nyingi wao ndio wanaojua kona iliyo wazi ambayo hakuna ramani inayoionyesha. Tulipofanya hivyo, mama mmoja muuza chapati alituonyesha kwamba meza yake ingeweza kurudi nyuma hatua mbili tu endapo lundo la mchanga lililoachwa na wajenzi lingeondolewa, na tukaliongeza lundo hilo katika dai la kwanza.

Wapo watakaokataa. Andikeni sababu zao kwa haki na mzipeleke pamoja na barua, kwa kuwa afisa atakayezisikia kwao mkiwa hampo atadhani mlizificha.

Mmefaulu iwapo mwenyekiti wa kijiwe na wenye biashara wawili au watatu wamekubali kusimama kwenye mkutano wa mtaa na kusema wanachokubali na wasichokubali.

## Hatua ya 6: Pitisheni hoja kwenye mkutano wa mtaa

Mwombeni Mwenyekiti wa Mtaa aiingize hoja yenu katika ajenda. Msiivamie kwenye "mengineyo" saa mkutano unapofungwa, watu wakiwa wameshasimama. Asimame mwendeshaji wa kila siku, azungumze dakika tano, kisha mmoja wenu asome namba nne au tano tu kutoka kwenye kaunta buku.

Ombeni hoja iandikwe katika muhtasari wa kikao, na mpate nakala yenye muhuri. Muhtasari huo ndio unaobadilisha ombi la marafiki wanane kuwa hitaji la mtaa, na ndio utakaobebwa hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake.

Tahadhari: msivae sare ya chama chochote, wala msikubali mkutano wenu ugeuzwe jukwaa la kampeni. Barabara itahitaji kutetewa chini ya diwani huyu na chini ya atakayemfuata.

## Hatua ya 7: Andikeni barua moja fupi

Ukurasa mmoja unatosha; viambatisho ndivyo vibebe uzito. Mfano huu unaweza kufuatwa:

> Meneja wa Wilaya,
> TARURA, (wilaya).
>
> Kupitia: Afisa Mtendaji wa Kata ya (jina).
>
> YAH: OMBI LA KUTENGENEZA NJIA SALAMA YA BAISKELI, BARABARA YA (JINA), KUTOKA (MWANZO) HADI (MWISHO), MITA (UREFU)
>
> Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Mkutano wa Mtaa wa (jina) uliofanyika tarehe (…) ulijadili hali ya barabara iliyotajwa na kuazimia kuomba mambo matatu yaliyoorodheshwa hapa chini. Hesabu ya siku tatu iliyofanywa na wakazi inaonyesha kwamba kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi hupita baiskeli (…) na maguta (…).
>
> (Madai matatu, kila moja kwa mstari mmoja.)
>
> Tunaomba kukutana na mhandisi wako katika eneo husika siku atakayoona inafaa, saa 12 na nusu asubuhi.
>
> Viambatisho: jedwali la hesabu, mchoro wa vipimo, picha sita, muhtasari wa mkutano wa mtaa.
>
> Nakala: Diwani wa Kata, Mkurugenzi wa Halmashauri, Mwenyekiti wa Mtaa.

Iacheni sentensi ya kumwalika mhandisi saa 12 na nusu asubuhi kama ilivyo. Akija saa 5 ataona barabara tulivu na kuandika kwamba hakuna tatizo.

Pelekeni nakala mbili masijala, mwache moja na mrudi na nyingine iliyogongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua isiyo na muhuri huo, kwa ofisi, haijawahi kufika.

## Hatua ya 8: Fuateni kalenda ya bajeti

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini uamuzi hufanyika mapema zaidi. Vipaumbele vya mitaa na kata hukusanywa miezi ya mwisho ya mwaka, halmashauri hujadili bajeti zake mwanzoni mwa mwaka unaofuata, na Bunge hukaa kwa bajeti kuanzia Aprili hadi Juni. Barua inayofika Mei inaomba fedha ambazo zimeshapata wenyewe.

Kwa hiyo hesabuni Julai au Agosti, ambapo mvua ni chache, mkiangalia shule ziwe zimefunguliwa. Zungumzeni na wafanyabiashara Septemba, pitisheni hoja na kupeleka barua kabla ya mwisho wa Oktoba, na mrudi ofisini kila baada ya wiki tatu. Kila mnaporudi andikeni tarehe, mliyemwona kwa cheo chake, na alichosema.

Mkiambiwa hakuna fedha, ulizeni iwapo dai la kwanza linaweza kuingia katika matengenezo ya kawaida ya mwaka huu. Kwa dai la pili, mwulizeni mbunge kuhusu Mfuko wa Jimbo. Mkikosa jibu kabisa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inawapa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30. Itumieni kwa adabu na baada ya kufuatilia kwa kawaida, kwa sababu mhandisi anayewaunga mkono hapaswi kuhisi amewindwa.

Mmefaulu iwapo dai lenu hata moja limeonekana kwa maandishi katika mpango wa mwaka.

## Hatua ya 9: Msafara wa baiskeli, mkiuhitaji

Msafara hauwezi kuchukua nafasi ya hesabu na barua, lakini husaidia mambo yakikwama. Tarehe 3 Juni ni Siku ya Baiskeli Duniani, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2018, na ni siku ambayo vyombo vya habari hutafuta habari ya kuandika.

Sheria inataka taarifa ya maandishi ifike kwa mkuu wa polisi wa eneo saa 48 kabla, lakini pelekeni wiki mbili kabla. Tajeni njia, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya watu na jina la msimamizi, na mwombe askari wa usalama barabarani wa kuwasindikiza. Watoto wakae katikati ya msafara, mwenye rifleketa awe wa mwisho, na fundi baiskeli mmoja awe na pampu na viraka. Pitieni kipande chenu chenyewe, wala msiende kuzunguka katikati ya jiji. Waalikeni diwani na mhandisi waendeshe. Dakika kumi juu ya kiti cha baiskeli nyuma ya lori hufundisha kuliko kurasa zote za viambatisho.

## Hatua ya 10: Simamieni ujenzi, kisha mhesabu tena

Mkipata mlichoomba, kazi bado ipo. Ombeni kuona mchoro kabla mkandarasi hajaanza, na mlinganishe na vipimo vyenu. Wakati wa ujenzi piteni kila siku mbili. Mambo ya kuangalia ni manne: upana halisi uliobaki baada ya nguzo za umeme na mabango, mwelekeo wa nondo za mifuniko, makutano, ambapo njia lazima ishuke kwa mteremko laini usio na ngazi, na maji, ambayo mtayajua kwa kumwaga ndoo mbili juu ya zege na kutazama yanakokwenda. Kasoro ikionekana zege likiwa bichi, hurekebishwa kwa saa moja. Likishakauka itabidi muandike barua nyingine.

Njia ikifunguliwa, rudini kwa mwenyekiti wa kijiwe na kwa wenye meza siku hiyo hiyo mkumbushane makubaliano, kwani wiki ya kwanza ndiyo inayoamua nafasi ile itakuwa ya nani. Gawaneni zamu ya kupita kila Jumamosi kwa miezi mitatu, mkiandika kilichozuia njia na mkimpelekea Mtendaji orodha hiyo.

Baada ya mwaka mmoja hesabuni tena: mahali hapo hapo, saa zile zile, siku zile zile, katika kaunta buku lile lile. Linganisheni hasa safu ya wanawake na ile ya wanafunzi, kisha mpeleke jedwali hilo kwa ofisi iliyowajengea, kabla ya Oktoba, likiambatana na barua ya kipande cha pili.